Chai ya Bwana Lau

Jumamosi, 13 Machi 1999

Muoki amekuja na ameondoka. Alikaa saa moja na nusu, akala kuku, akasema mvua ikianza barabara ya Wamunyu itamsumbua, akawasha pikapu yake. Angalau tumekubaliana: Baba ahamie kwake Wamunyu. Ndugu yangu ana nyumba ya mawe huko nyumbani, vyumba vitano, na mke wake Kavata hajaajiriwa popote. Mimi nina vyumba viwili hapa mtaa wa Tena, Nairobi. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi jioni nikiwa hoi, na kifua cha Baba kimezidi. Daktari anasema ni vumbi la mbao la miaka arobaini ya uchongaji, limeingia humo na halitoki. Mwaka mmoja na miezi minne nimemwogesha, nimemlisha, nimemnyanyua. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunishangaa: nimechoka na baba yangu.

Tulimwambia tukiwa wawili. Muoki ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu, mimi nikitazama sakafu. Baba alisikiliza, akakohoa. Kisha akasema, "Sawa, nitaenda. Lakini kwanza ninywe ile chai ya Lau. Nikishainywa nitapanda gari bila neno."

Muoki alicheka. "Chai gani hiyo, Baba?"

"Mutheu anaijua."

Naijua kwa kuisikia tu. Mwaka wa sabini na mbili Baba alichonga milango na nguzo za hoteli ya Mchina mmoja mjini, Bwana Lau. Kila Ijumaa kazi ikiisha, Lau alimketisha mezani akamnywesha chai katika vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Hoteli ilishafungwa, Lau alishahama, pengine alishakufa. Sisi nyumbani tuliisikia hiyo chai mpaka tukaichoka.

Mwaka huo mimi naukumbuka kwa jambo lingine. Nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani, na ndio mwaka nilioambiwa nikae nyumbani ili Muoki aendelee na shule.

"Basi itafute hiyo chai," Muoki aliniambia mlangoni. "Ukiipata nipigie simu, nije nimchukue siku hiyo hiyo."

Jumatatu, 15 Machi

Mawingu. Mvua hakuna. Baba amekataa uji.

Jumatano, 17 Machi

Leo nimemwomba Bwana Wehliye, mwajiri wangu, ruhusa ya kutumia kompyuta baada ya saa kumi na moja. Kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na tangu mwaka jana ametufundisha kuandikiana na mawakala wa meli kwa hii imeli. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia natafuta chai.

"Mutheu, unatoka nchi ya chai na unatafuta chai?"

"Ya Kichina, Bosi. Ya mzee wangu."

"Haya. Lakini ukimaliza zima mashine."

Sikujua kwamba kuna watu wanaouza majani ndani ya kompyuta. Nimepata duka moja la Hongkong, la mama anayeitwa Bi. Kwan. Picha zilishuka polepole, mstari kwa mstari, mpaka nikaenda kuosha kikombe na kurudi. Nilitegemea kuona aina tatu, nne. Ziko zaidi ya mia, kila moja na mlima wake na mwezi wake wa kuchumwa. Nilikata tamaa palepale. Nikamwandikia tu kwamba baba yangu ni mgonjwa, kwamba anataka chai aliyoinywa Nairobi miaka ishirini na saba iliyopita, na kwamba jina lake silijui.

Ijumaa, 19 Machi

Bi. Kwan amejibu! Kiingereza chake ni kifupi kama changu. Anauliza: Majani yalikuwa ya duara au marefu? Maji yalikuwa ya rangi gani? Bwana Lau alikuwa mtu wa jimbo gani? Baada ya kumeza, mdomoni kulibaki nini?

Jumapili, 21 Machi

Baada ya kanisa nilikaa na Baba na karatasi, nikamuuliza maswali ya Bi. Kwan moja moja. Akasema majani yalikuwa marefu, meusi, yamesokotwa. Maji rangi ya asali ya Kitui, si ya dukani. Harufu ya maua, ingawa ndani hamkuwa na ua hata moja, maana aliwahi kuchungulia. Na ukishameza, utamu unarudi kooni ukiwa umeshausahau.

Alieleza kwa nusu saa nzima bila kukohoa sana. Nilipotazama saa nikagundua tumezungumza jambo ambalo si dawa wala maji ya kuoga. Hata sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 23 Machi

Bi. Kwan atatuma vipakiti vya kuonja, kimoja kimoja kwa ndege, na baada ya kila kimoja nimwambie Mzee amesema nini. Nilipe stempu tu. Mvua imeanza leo, na viatu vyangu vya kazini vimeanza kuachama.

Ijumaa, 9 Aprili

Kadi ya posta ya kuniita kuchukua mzigo imekuja. Nikapanga foleni, nikapelekwa kwa bwana mmoja wa forodha akate bahasha mbele yangu.

"Madam, hii ni nini?"

"Majani chai."

"Kutoka wapi?"

"Hongkong."

Akamwita mwenzake wa dirisha la pili. "Hebu kuja uone. Huyu mathe anatoa majani China analeta Kenya!" Walicheka mpaka yule wa pili akaegemea ukuta. Na mimi nikacheka, nitafanyaje.

Jumamosi, 10 Aprili

Pakiti ya kwanza imekwisha, tena kwa siku moja, na sijui nilie au nicheke.

Asubuhi niliiacha mezani nikaenda kununua mafuta ya taa. Jirani yangu Nabwire, wa mlango wa pili, ndiye anayekaa na Baba mchana ninapokuwa kazini, na ana mkono mwepesi wa kusaidia. Kurudi, nakuta sufuria inafoka.

"Mama Ndindi, nimewapikia ile chai yenu ya wageni," akaniambia, amefurahi. "Lakini majani yake ni baridi kweli. Imekataa kushika rangi, ikabidi nitie pakiti yote."

Maziwa nusu lita. Sukari vijiko sita. Tangawizi ya kutwanga. Baba alikuwa ameshashika kikombe kwa adabu, maana Nabwire anampenda na yeye hawezi kumvunja moyo. Akanywa kidogo, akanitazama.

"Siyo," akasema.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimemweleza Bi. Kwan ukweli. Jibu limekuja baada ya dakika kumi, nadhani alikuwa bado yuko dukani. Mstari wa kwanza: "Maziwa?" Mstari wa pili: "Na tangawizi?" Halafu chini akaniandikia maagizo kama ya daktari. Maji yachemke kisha yamwagwe juu ya majani, wala majani yasichemshwe. Yakae pumzi kumi tu. Mimina, kunywa. Ongeza maji, pumzi kumi na tano. Mimina. Rudia mara saba au nane, maana kila maji yana ladha yake, na anayetaka kuijua chai hii sharti akae nayo mpaka mwisho.

Mara saba! Nani ana jioni ya namna hiyo?

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Stima zimepotea tangu jana.

Jumapili, 18 Aprili

Mvua. Maji ya mfereji hayapo, ya mbinguni yamejaa mlangoni. Nimefua shuka za Baba mara tatu wiki hii.

Jumamosi, 24 Aprili

Pakiti ya pili. Bi. Kwan anasema inatoka mlima fulani wa mkoa ambao, kwa kukisia kutokana na vile vikombe vidogo, ndiko alikozaliwa Lau. Majani ni marefu, meusi, yamesokotwa. Nilishaanza kupanga nitakavyofua mapazia chumba kikibaki kitupu.

Nilifanya kila kitu kama nilivyoagizwa. Nilisugua sufuria yetu ya chai kwa jivu, nikachemsha maji, nikamwagia majani kwenye jagi, nikahesabu pumzi. Baba alinusa. Akanywa.

"Imekaribia," akasema. "Lakini kuna kitu kinaizuia."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ni kama mtu amesimama mlangoni."

Nikaongeza maji, tukanywa tena, na tena, mpaka maji ya saba. Wakati wa kungojea pumzi hakuna la kufanya ila kuzungumza, basi alinieleza jinsi Lau alivyokuwa akimmiminia kwa mikono miwili, yeye tajiri wa hoteli, na fundi ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Siyo."

Nimeandika yote niyatume Jumatatu. Pakiti imebaki na majani mengi, nimeifunga nikaiweka kabatini. Mapazia yatangoja.

Jumapili, 2 Mei

Leo nilidhani nampoteza.

Saa mbili asubuhi, nimejifunga leso ya kanisani, nasikia chumbani sauti kama ya msumeno. Baba amekaa kitandani, midomo ya bluu, anavuta hewa haiji. Nikapiga kelele. Nabwire akatoka na taulo kichwani. Teksi hakuna, barabara yote ni tope, na zahanati iko mtaa wa Umoja. Nabwire hakuniuliza kitu. Alikwenda kwa yule muuza maji wa pembeni, akateremsha mitungi yake yote chini akimwambia, "Wee, utanidai kesho!" akaja anasukuma mkokoteni mwenyewe. Tukamlaza Baba juu yake na godoro la Ndindi, binti yangu aliye chuo cha ualimu, nami nikashika mwavuli.

Watu waliokuwa wakienda kanisani walitupisha. Gurudumu moja likazama mbele ya duka la nyama. Nabwire akavua ndala, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akasukuma na bega. Ni mwanamke mwembamba huyu, anauza dagaa wa omena kwa vipimo vya mkebe, na mimi kwa mwaka mzima nimekuwa nikimlalamikia moyoni kwa sababu ya sukari anayotumia.

Baba akafungua macho. "Nikifia hapa," akasema kwa shida, "msiniteremshe kwenye tope."

"Nyamaza, Mzee!" Nabwire akamkaripia. "Mwenye kufa haongei mingi."

Wamempa hewa, wamemchoma sindano, wamemweka mpaka jioni. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati nikasikia wazo limekuja lenyewe, sikuliita: akienda leo, nitalala. Nililiona, nikaliogopa. Nikaenda nje kwenye mvua ili mtu asinitazame usoni.

Tumerudi naye. Anapumua.

Jumanne, 4 Mei

Kazini nimelala juu ya makaratasi ya meli. Bwana Wehliye alipita akafunga mlango taratibu.

Jumatano, 12 Mei

Nabwire anasema Baba siku hizi ana nguvu mchana, na anakunywa vizuri. Namshukuru Mungu. Mvua haijakatika.

Jumamosi, 15 Mei

Pakiti ya tatu, ya vijiduara vya kijani vinavyofunguka kwenye maji. Bi. Kwan alisema hana matumaini nayo, ila tuiondoe kwenye orodha. Baba alikunywa mara moja tu.

"Siyo."

Hakusikitika hata. Akasema tuendelee mpaka maji ya saba, ili mama wa Hongkong asione tumemdharau. Basi tukakaa. Akaniuliza habari za ofisini, meli zimetoka wapi, Wehliye ni mtu wa namna gani. Halafu, bila kunitazama:

"Yule mwalimu wako wa hesabu aliitwa nani?"

"Yupi?"

"Wa sekondari. Aliyekuja nyumbani."

"Ndete."

"Ndiyo. Ndete."

Nikasimama nikaenda kuosha vyombo. Sitaki habari hizo. Mwalimu Ndete alikuja nyumbani mara mbili kuwaomba wanirudishe shule, na mara zote mbili Baba alikuwa hajarudi kutoka mjini. Zote zilikuwa Ijumaa.

Ijumaa, 28 Mei

Mvua imepungua. Baridi imeingia. Shingo inaniuma.

Jumamosi, 5 Juni

Pakiti ya nne. Hii Bi. Kwan ameitoa kwenye mkebe wake mwenyewe, akaandika kwa mkono kwenye bahasha, "Kwa Baba." Niliipika nikiomba. Baba akainua kikombe puani, akakiteremsha.

"Siyo."

"Baba, hata hujameza!"

"Nimesikia harufu."

"Ni ya nne hii! Mtu wa watu anatuma majani kutoka ng'ambo ya dunia, mimi napanga foleni nachekwa na watu wa forodha, na wewe hata kumeza humezi?"

Nikaingia bafuni nikafungulia mfereji usio na maji nikalia. Sikulia kwa sababu ya chai. Nililia kwa kuwa mgongo unaniuma, kwa kuwa nina miaka arobaini na mitatu, kwa kuwa jana Muoki alipiga simu ofisini kuniambia Kavata ameshapaka kile chumba rangi ya maziwa na wanangoja neno langu tu.

Jumatatu, 14 Juni

Bi. Kwan ameandika: "Kabla sijatuma ya tano, naomba uniambie jambo moja. Hicho chombo unachochemshia maji, kimewahi kuchemsha maziwa?"

Nilicheka peke yangu mbele ya mashine. Sufuria yetu imechemsha maziwa kila asubuhi na kila jioni tangu mwaka wa themanini na nane. Imekunywa maziwa kuliko ndama. Nikamjibu hivyo. Naye akajibu kwamba basi hakuna chai hata moja tuliyoionja. Mafuta ya maziwa hukaa kwenye bati, jivu haliyatoi, na yakikutana na majani hayo huifunga harufu. Nitafute chombo kisichojua maziwa, nianze upya, hasa ile ya pili.

Mtu amesimama mlangoni, alisema Baba. Ni maziwa yetu!

Jumanne, 15 Juni

Nimeomba ruhusa, nimefika nyumbani saa tisa mchana. Njia nzima nilikuwa nawaza lile birika nililopewa na akina mama wa kanisa Ndindi alipofaulu mtihani. Liko chini ya kitanda ndani ya katoni yake, halijawahi kuona moto.

Katoni ilikuwepo. Birika halikuwemo.

Nililikuta jikoni, juu ya stovu, bado lina joto. Ndani ya jagi kulikuwa na majani yamelowa, marefu, meusi, yamefunguka. Nikafungua kabati. Pakiti ya pili ilikuwa imebaki na kipande cha vidole viwili.

Nabwire alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi. "Mama Ndindi," akasema, "nilimwambia Mzee ungekuja kujua."

Ilianza wiki moja baada ya zahanati. Sufuria ilikuwa na uji, naye Baba akaomba ile chai ya kabatini, basi Nabwire akavuta birika kutoka chini ya kitanda. Baba alipokunywa, anasema, alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akatokwa na machozi, akamwambia, "Hii ndiyo." Na tangu siku hiyo, kila mchana kikombe kimoja, birika linaoshwa, linarudi kwenye katoni, na Nabwire hana ruhusa ya kuniambia.

"Ningefanya nini mimi? Ni mzee. Aliniomba kama mtoto."

Nikaingia chumbani. Baba alikuwa dirishani, blanketi magotini. Aliponiona aliingiza kikombe chini ya blanketi.

Nikageuka nikatoka. Ningefungua mdomo ningemtukana mzazi wangu. Zaidi ya mwezi! Mimi nahesabu pumzi, nanyenyekea watu wa forodha, namwomba Mungu, na yeye ananitazama usoni anasema siyo.

Jumatano, 16 Juni

Saa mbili asubuhi, kabla sijavua koti, nimempigia Muoki simu. Nimemwambia, "Njoo Jumamosi. Imepatikana."

Nilipoweka simu chini nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi.

Alhamisi, 17 Juni

Jioni hii nimemwambia. Nilisimama mlangoni, sikukaa.

"Muoki anakuja Jumamosi, Baba."

Akanitazama, akajua. "Sawa," akasema. "Neno ni neno." Akaniomba nimletee sanduku lake. Nikamletea. Akaanza kukunja mashati yake mwenyewe, mawili, akipumzika kati ya mkono na mkono, na lile shati la kijani likamshinda, likawa linafunguka kila akilikunja. Sijui kwa nini ni hilo shati lililonifungua mdomo.

"Kwa nini ulinidanganya? Ungesema tu hutaki kwenda! Ulinifanya mjinga kwa nini?"

"Sikukufanya mjinga."

"Ulinifanya nini basi?"

Aliacha shati.

"Lau alikuwa na mabinti watatu," akasema. "Kila Ijumaa alikuwa akiniuliza, yule wako amerudi shule? Namwambia, bado. Ananimiminia kikombe kingine. Wiki ijayo tena, amerudi? Bado. Nilikuwa nakaa pale mpaka wafunge, Mutheu, kwa sababu nikirudi nyumbani nitakukuta jikoni na aproni ya mama yako. Sikuweza kukutazama. Nikawa nasifu chai."

Akavuta hewa, akaendelea.

"Uliponiuliza habari zake kwa ile karatasi, nikajiambia, nikiinywa tena nitapata nguvu ya kumwambia. Basi nikaipata. Nikanywa siku ya kwanza, nikasema nitamwambia leo. Ukarudi umechoka, nikanyamaza. Nikasema kesho. Hivyo hivyo mpaka ukaja mapema."

"Kuniambia nini?"

"Nilikosea. Wewe ndiye uliyekuwa na kichwa. Nililijua hilo hata siku ile."

Miaka ishirini na saba nimelitaka neno hilo. Nililisubiri nikiwa naolewa, nikalisubiri mama alipofariki, kisha nikajifunza kuishi bila kulisubiri. Limekuja leo, na sikujua niliweke wapi. Sikumkumbatia, sikulia, sikumsamehe pale pale kama wanavyofanya kwenye tamthilia za redio. Nilikuwa bado na hasira, tena nyingi. Nilichukua lile shati nikalikunja.

"Na Wamunyu?" nikamuuliza. "Kuna ubaya gani? Chumba wamekipaka rangi."

"Ni chumba kizuri," akasema. "Nitakaa ndani yake peke yangu. Hapa jioni unakuja."

Ijumaa, 18 Juni

Sikufanya kazi yoyote ya maana. Bwana Wehliye ameniuliza kama Mzee ameipata chai yake. Nikamwambia sijui.

Jumamosi, 19 Juni

Muoki amefika saa nne, godoro jipya nyuma ya pikapu bado limo ndani ya nailoni. Nilimpikia chai yetu ya maziwa. Baba alikuwa ameshavaa koti na kofia tangu saa kumi na mbili, amekaa kitini, sanduku miguuni, fimbo mkononi. Alimsalimu mwanawe vizuri. Mimi hakunitazama hata mara moja, na nilijua hatanisihi.

"Kwa hivyo imepatikana!" Muoki akasema, akisugua mikono. "Baba, ulituweza. Mpaka Hongkong! Haya, ilikuwaje? Ndiyo yenyewe?"

Baba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta hewa ya kujibia, na nilijua angesema ndiyo, maana neno lake huwa halirudi.

"Nilikosea, Muoki," nikasema. "Siyo."

"Siyo vipi? Uliniambia kwa simu—"

"Nilikuwa nimechoka, nikadhani ndiyo. Tumeionja tena. Siyo."

Muoki akanitazama, akamtazama Baba, akamtazama Nabwire aliyekuwa amesimama mlangoni na mkebe wake wa omena.

"Hata mimi niliionja," Nabwire akasema. "Siyo kabisa. Haina hata tangawizi."

Ndugu yangu si mjinga. Ameongoza shule miaka tisa, amewaona waongo wa kila kimo. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. Akaniuliza kwa Kikamba, polepole, kama nina hakika, kwa sababu yeye hataweza kuja na kurudi kila mwezi. Nikamwambia nina hakika. Akanisaidia kuingiza lile godoro, akasema libaki, litamfaa Mzee mgongo. Kwenye gari akashusha kioo akasema, "Mutheu, mimi ningemtunza." Nami nikamwambia najua, na ni kweli najua.

Niliporudi ndani Baba alikuwa bado na kofia kichwani. Nikamvua kofia, nikamvua koti, mkono mmoja, halafu wa pili. Mgongo umeniuma kama kawaida. Kesho ni siku ya kumwogesha, na Jumatatu ni meli mbili kwa pamoja, na mimi nimechoka leo kama nilivyochoka mwezi wa tatu, sidhani utaisha huu uchovu mpaka mmoja wetu amalizike.

"Na ile ya tano," akaniuliza, sauti ndogo, "umeshamwambia yule mama aitume?"

Nikamwambia bado. Nikamwambia kwamba Jumatatu nitamwandikia, achague mwenyewe, na asiwe na haraka.